Kusafisha vumbi ndani ya kompyuta ya mezani bila kuiua: uzoefu wa kiangazi cha Tabora

Mwanzisha uzi, Tabora mjini

Wakuu, salamu kutoka Tabora, ambako tuko katikati ya kiangazi na vumbi limefunika hadi majani ya miembe. Nimefungua uzi huu kwa sababu katika miezi miwili iliyopita nimeletewa kompyuta tatu za mezani zilizokufa, na hakuna hata moja iliyouawa na vumbi lenyewe. Zote ziliuawa na jitihada za kuliondoa. Ya kwanza ilipulizwa kwa kompresa ya kujazia matairi upepo, ya pili ilifutwa kwa kitambaa kibichi ikawashwa kabla haijakauka, na ya tatu ilisafishwa ikiwa bado imechomekwa ukutani. Wenye mashine hawakuwa wazembe. Waliambiwa kwamba kompyuta ikipata moto sana isafishwe, jambo ambalo ni kweli, ila hakuna aliyewaeleza isafishwe namna gani.

Mimi ninaendesha steshenari yenye kompyuta nne kando ya barabara isiyo na lami, na kosa la kompresa nimelifanya mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilibeba lile kasha ambalo wengi wetu tumezoea kuliita sipiyu hadi gereji ya jirani, kijana akalielekezea mpira wa upepo, vumbi likatoka kama wingu, nami nikarudi dukani nikiwa nimeridhika kabisa. Jioni feni ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ikaanza kulia, na siku ya tatu mashine ikagoma kuwaka. Nilipoifungua nikaona kwenye ubao mama, yaani bodi kubwa inayobeba vipande vyote vya ndani, alama za matone yaliyokauka, yenye ukingo wa rangi ya kutu na utelezi wa mafuta. Hewa inaposhindiliwa kwenye tangi, mvuke uliomo hugeuka kuwa maji na kutuama chini, na kompresa nyingi huchanganya humo na mafuta ya mashine yake; asiyefungulia maji hayo mara kwa mara huyapuliza pamoja na upepo. Msukumo wenyewe pia ulikuwa umelegeza kikombe cha feni, yaani beringi ya katikati ambamo feni huzungukia.

Kwa nini tujisumbue kulitoa hilo vumbi? Juu ya prosesa kuna kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na juu yake feni inayopuliza hewa kati ya mapezi hayo. Vumbi halikai juu ya feni tunapoliona, bali hushindiliwa chini yake, mahali feni inapokutana na mapezi. Mtu anachungulia, anaona feni inazunguka vizuri, anaamini mambo ni shwari, kumbe hewa yote inagonga utando na kurudi juu. Mashine moja niliyoifungua mwezi uliopita ilikuwa na utando mnene kama kipande cha blanketi; niliukamata pembeni kwa kibano ukatoka wote kwa mpigo mmoja, na upande wake wa chini ulikuwa na meno kama chanuo, kila jino likiwa limejichonga kufuata nafasi kati ya pezi na pezi. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Ndiyo maana kompyuta inayochapa vizuri asubuhi huanza kukwama saa nane mchana, na mwenyewe akadhani ni virusi.

Kabla ya kufungua chochote, pimeni joto. Unaweza kulisoma kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijaanza, mashine inapowaka, au ukatumia programu ya bure kama HWMonitor ukiwa ndani ya Windows. Iandike namba hiyo kwenye karatasi baada ya mashine kufanya kazi kwa nusu saa, maana bila namba ya kabla hutajua kama kazi yako imesaidia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Zima kompyuta kwa utaratibu wake, zima swichi ya ukutani, kisha chomoa waya wa umeme na nyaya zote za nyuma. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 15 hivi, ili chaji iliyobaki kwenye ubao mama iishe. Toa kasha nje, barazani, penye kivuli na sakafu kavu, si juu ya mchanga, nawe ukae upepo ukikutoka mgongoni. Vaa barakoa. Vumbi hilo limekusanya nyuzi za nguo, unga wa wino wa printa na vinyesi vya mende, na si la kuvutwa puani. Lalisha kasha ubavuni, fungua bolti kwa bisibisi ya nyota na uziweke kwenye kisosi, kisha piga picha mbili tatu za ndani kwa simu kabla hujagusa waya wowote. Picha hizo zimeniokoa mara nyingi kuliko kumbukumbu yangu.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu hatari ifuatayo haionekani. Katika kiangazi chetu hewa huwa kavu sana, na mwili wa mtu aliyevaa sweta la nailoni au aliyeketi kwenye mkeka wa plastiki hujikusanyia umeme tuli. Binadamu huanza kuusikia ule mshtuko mdogo wa kidole chaji inapofika volti zipatazo 3,000, ilhali vipande vya kompyuta vinaweza kudhurika kwa volti chache mno kuliko hizo. Maana yake ni kwamba unaweza kuua ramu, yaani kibao cha kumbukumbu ya muda, kwa ncha ya kidole bila wewe kuhisi chochote. Kinga yake haina gharama: vua sweta, simama juu ya saruji, na ushike sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi kabla ya kugusa chochote cha ndani, kisha urudie kushika kila baada ya dakika chache na kila unapotoka mahali ukarudi.

Kifaa changu cha kwanza ni brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, yenye nywele laini za asili, ambayo haijawahi kuingia kwenye rangi. Ninaanza juu kushuka chini, nikilegeza vumbi bila kukandamiza, na ninapofika kwenye mapezi ninapitisha nywele za brashi kufuata mwelekeo wa mapezi, si kuyakata, kwa sababu hupinda kirahisi. Vumbi likishalegea ndipo napuliza. Bloa ndogo ya umeme ya mkononi inafaa, mradi uishike umbali wa shibiri moja na kuipuliza kwa vipindi vifupi. Asiyekuwa na bloa anaweza kutumia pampu ya mpira ya kuvutia kamasi za mtoto, ikiwa mpya na kavu. Ni ya polepole, lakini inafika penye kona. Yale makopo ya hewa yanayouzwa madukani hayana hewa, bali gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika, na ukiliinamisha kopo hicho kimiminika hutoka kikiwa baridi kali na kugandisha kinachokutana nacho. Nyingi ya gesi hizo hushika moto, kwa hiyo zisitumike karibu na jiko la mkaa wala ndani ya mashine iliyotoka kuzimwa.

Feni zishikwe. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hupenda kuiona feni ikivuma kwa upepo wa bloa, na wengine huwaita watoto waje kutazama. Feni ikizungushwa kwa kasi kuliko iliyoundiwa hulegea kikombe chake, na mota yake, ikizungushwa kwa nje, hufanya kazi kama dainamo ndogo inayoweza kurudisha umeme kwenye ubao mama. Weka kidole au kijiti cha mti katikati ya mapanga yake, kisha piga brashi panga moja baada ya jingine, mbele na nyuma.

Lile sanduku la chuma ambamo waya wa umeme unaingia, yaani pawasapulai, usilifungue kabisa. Ndani yake kuna kapasita zinazotunza zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Lipulizie kutoka nje kupitia matundu yake, feni yake ikiwa imezuiwa kwa kijiti, na hilo linatosha.

Usiing'oe alumini iliyo juu ya prosesa kama huna pesti mpya ya kupitisha joto. Ukiinyanyua, pesti ya zamani hukatika na kuacha mianya ya hewa, na mashine itapata moto kuliko ilivyokuwa. Mara nyingi inatosha kufungua bolti nne za feni pekee, ukaitoa feni na kusafisha mapezi yakiwa mahali pake.

Mwishoni kagua kwamba hakuna waya unaogusa feni, washa mashine kabla ya kurudisha ubavu wa kasha, tazama kama kila feni inazunguka, kisha zima, chomoa tena, na ufunge. Mimi hufanya hivi mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Julai vumbi linapopamba moto, na mwezi wa Novemba mvua zinapoanza. Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji wa pili, Ujiji

Mkuu, shikamoo, na ahsante kwa maelezo yaliyoshiba. Huku kwetu Kigoma vumbi lina tabia nyingine. Ofisi yetu haiko mbali na ziwa na hewa ina unyevu, halafu nyuma ya ukuta wetu kuna mama anayekaanga samaki tangu asubuhi. Vumbi linaloingia ndani ya mashine limeshachanganyika na mafuta, na brashi inalitelezesha tu bila kulitoa. Fundi mmoja wa simu amenishauri nitumie thina, na mwingine akaniambia petroli inakauka haraka. Naomba ushauri wako kabla sijafanya chochote, kwa sababu mashine ni ya ofisi na ndani yake kuna hesabu za wanachama wa kikundi chetu.

Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla. Thina inayeyusha plastiki za soketi na kufuta maandishi ya ubao, na mvuke wa petroli unaweza kulipuka kwa cheche moja ya mota. Vyote viwili usivikaribishe hata chumbani. Waulize mafundi simu hao hao alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo wengi wao wanayo kwa ajili ya kuoshea bodi za simu. Spiriti ya rangi ya zambarau, ile ya kuwashia taa, haifai, kwa sababu ina rangi na viungo vingine vinavyobaki baada ya kukauka.

Toa feni kabisa kwenye mashine, funga pamba safi kwenye kijiti au tumia vijiti vya masikio, chovya kidogo, kisha futa panga moja moja ukibadilisha pamba kila inapokuwa nyeusi. Pamba iwe na unyevunyevu tu, isidondoshe. Usiipeleke katikati ya feni penye kikombe, maana alkoholi itaondoa grisi iliyomo. Kwa ubao mama, gusa mahali penye utando wa mafuta pekee, kwa brashi ndogo iliyochovywa kidogo, ukiwa nje na mbali na moto. Alkoholi hiyo hukauka haraka, lakini kwa unyevu wa Kigoma mimi ningeiacha mashine wazi kivulini kwa saa moja nzima kabla ya kuichomeka. Na kabla ya yote, nakili hizo hesabu kwenye flashi. Usifungue kasha la mashine ya kikundi kabla hujawa na nakala mkononi.

Vumbi lenye unyevu lina hatari nyingine ambayo huku Tabora tunaipata zaidi masika. Likiwa kavu linazuia joto tu, lakini likinyonya maji linaweza kupitisha umeme kidogo kati ya miguu ya vipande vilivyo karibukaribu, na hapo mashine huanza vituko visivyoeleweka: inajiwasha upya, au inasahau tarehe.

Mchangiaji wa tatu, mwalimu, wilayani Urambo

Nashukuru kwa uzi huu. Shuleni kwetu tuna chumba cha kompyuta chenye mashine 12, na kila moja tumeifunika kwa kitambaa kilichofumwa na wanafunzi wa kike wa miaka iliyopita. Pamoja na vitambaa hivyo bado vumbi limejaa. Tumepewa pia mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Je, inafaa kuiingiza ndani ya kasha?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, heshima yako. Mdomo wa plastiki wa mashine ya kufyonza hujitengenezea umeme tuli vumbi kavu linapopita kwa kasi ndani yake, kwa hiyo usiuguse kwenye ubao mama. Itumie hivi: mwenzako aushike mdomo umbali wa shibiri moja juu ya kasha, nawe ulegeze vumbi kwa brashi ili lifyonzwe likiwa hewani. Inasaidia hasa chumba kisipokuwa na baraza la kutolea mashine nje, kwa sababu vumbi la mashine ya kwanza halitahamia kwenye ya pili.

Kuhusu vitambaa, kazi ya mikono ya wanafunzi wako ni ya kutunzwa, lakini naomba kitambaa kitolewe kabisa mashine inapowaka, na kirudishwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa. Nimeona shule moja ambako kitambaa kilikuwa kimening'inia hadi kwenye matundu ya nyuma, na hewa ya moto ilikuwa inarudi ndani. Makasha kama yako sakafuni, yapandisheni juu ya tofali mbili au juu ya meza, kwa kuwa vumbi zito hukaa chini na ufagio wa asubuhi hulirusha moja kwa moja kwenye matundu ya mbele. Pigeni deki badala ya kufagia pakavu. Kwenye matundu ya kuingizia hewa unaweza kuvutisha kipande cha soksi nyembamba ya nailoni ya kike, tabaka moja tu, ukakiosha kila Ijumaa. Kisipooshwa kitageuka kuwa ukuta, na joto litapanda kuliko pale ambapo hamkukiweka.

Mchangiaji wa nne, fundi, Kigoma mjini

Naheshimu alichoandika mwanzisha uzi, ila sikubaliani na kuilaani kompresa moja kwa moja. Nimeitumia miaka mingi na sijawahi kuua mashine. Yangu ina kichujio cha maji kwenye njia ya kutokea hewa, nafungulia tangi kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, na nimeshusha msukumo hadi baa 2. Bloa ndogo haiwezi kutoa vumbi lililoshikana ndani ya pawasapulai kama inavyofanya kompresa. Naongeza pia kwamba huku tunakuta nyigu wamejenga viota vya udongo ndani ya matundu ya nyuma ya mashine zilizokaa bila kutumika. Udongo huo usichokonolewe kwa bisibisi ukiwa mkavu, kwa sababu vipande vyake huanguka kwenye soketi. Shika kasha likiwa limeinamishwa, matundu yakitazama chini, ndipo uubomoe taratibu.

Mwanzisha uzi

Fundi, nakubali, na narekebisha nilichoandika. Kompresa yenye kichujio cha maji, iliyoshushwa msukumo, mikononi mwa mtu anayejua anachofanya, inafaa. Ninayoikataa ni ya gereji ya matairi, isiyo na kichujio, ambayo haijafunguliwa maji tangu Jumatatu na ambayo msukumo wake ni wa kujaza tairi la lori. Mtu asiyejua kuitofautisha hii na hiyo yako aendelee na brashi. La nyigu sikulifikiria, na nitaliangalia kwenye mashine zinazokaa stoo.

Mchangiaji wa pili, Ujiji

Mkuu, narudi na majibu. Nilinakili hesabu kwenye flashi, nikapata alkoholi kwa fundi simu, na jana tulifanya kazi hiyo barazani mimi na mwenzangu. Pamba zilizotoka kwenye feni zilikuwa nyeusi kama zimefuta sufuria. Kabla ya kusafisha, baada ya nusu saa ya kazi, joto lilikuwa nyuzi 91; leo kwa kazi ile ile limesimama kwenye 64. Lakini feni bado inakwaruza inapoanza, kisha sauti inakwisha baada ya dakika moja. Je, nirudie kuisafisha?

Mwanzisha uzi

Hongera, hiyo ni tofauti kubwa. Usirudie kuisafisha, sauti inayosikika feni ikiwa baridi na kupotea ikipata moto kwa kawaida ni ya kikombe kilichoisha grisi, na hilo halitokani na uchafu. Feni hiyo inaweza kufanya kazi wiki kadhaa au ikasimama kesho, kwa hiyo nunua nyingine mapema. Pima upande wake kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kuwa nyingi ni milimita 80 au 92, hesabu matundu ya plagi yake kama ni matatu au manne, na uangalie kwamba imeandikwa volti 12. Bora zaidi, ichomoe uende nayo dukani, mashine ikiwa imezimwa, na isiwashwe hata dakika moja mpaka utakaporudi na nyingine.